Je, Wajua? Ua la Bangi na Majina Yasiyolieleza

Je, wajua kwamba kinachoitwa "jani" mitaani kwa sehemu kubwa si jani? Ni ua. Tena ni ua jike. Mbangi, kama mpapai, hutenga jinsia: mche huu dume, ule jike, na ni vigumu kuitofautisha kwa macho kabla haijaanza kuchanua.

Mche dume hutoa chavua, kisha hunyauka mapema. Mche jike ukipata chavua hiyo, nguvu zake huhamia kwenye mbegu. Usipoipata, huendelea kuongeza maua na utomvu kwa wiki kadhaa. Ua hilo lisilo na mbegu Wameksiko waliliita sinsemilla, na ndilo linalojaza rafu za maduka halali ya Kanada leo.

Je, wajua kwamba ujuzi huo si wa juzi? Katika karne ya 19, wakulima wa Naogaon huko Bengali, eneo ambalo sasa liko Bangladesh, waliajiri mtaalamu maalumu aliyepita shambani kung'oa miche dume kabla haijamwaga chavua. Habari zake zimo katika ripoti ya tume iliyoundwa na serikali ya Uingereza nchini India mwaka 1893, tume iliyosikiliza mashahidi karibu 1,200. Tume hiyo ilitenga bidhaa tatu za mmea mmoja: bhang, yaani majani, ganja, yaani vichwa vya maua ya mche jike, na charas, yaani utomvu wenyewe. Kwangu mimi, mgawanyo huo wa kale ni wa kweli kuliko mwingi unaobandikwa kwenye vifungashio leo, kwa sababu unamwambia mtu anashika sehemu gani ya mmea.

Utomvu huo hukaa kwenye vinyweleo vidogo vyenye vichwa vya mviringo, vilivyojaa zaidi juu ya vijani vinavyolizunguka ua. Majani makubwa ya vidole, yale yanayochorwa kwenye fulana, yana utomvu kidogo sana.

Je, wajua kwamba ua bichi halilevyi? Mmea hutengeneza THCA, ambayo ni asidi. Moto ndio unaoigeuza kuwa THC, kemikali inayolevya. Na ua likichakaa kwa mwanga na hewa, THC nayo hugeuka taratibu kuwa CBN, ambayo nguvu yake ya kulevya ni ndogo zaidi.

Bangi ikiliwa, ini hubadili THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu, na mtu anaweza kusubiri kati ya nusu saa na saa mbili kabla hajahisi kitu. Wengi huongeza kipande cha pili ndani ya muda huo. Hapo ndipo balaa huanzia.

Sasa tufike kwenye majina mawili yanayotajwa kuliko yote: sativa na indica. Wauzaji husema sativa huchangamsha na indica hulaza. Je, wajua kwamba Carl Linnaeus, alipoandika jina Cannabis sativa mwaka 1753, alikuwa na mmea wa Ulaya uliolimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba na matanga? Yaani hempu. Jean-Baptiste Lamarck ndiye aliyeongeza Cannabis indica mwaka 1785, akieleza mmea wa India wenye majani membamba na utomvu unaolevya. Mmea huo wa Lamarck muuzaji wa leo angeuita sativa, na jina la indica amelihamishia kwenye mimea mifupi ya majani mapana yenye asili ya Afghanistani. Majina yamehama kabisa kutoka kwa wenyewe!

Jina la tatu, ruderalis, lilitolewa na Mrusi Janischewsky mwaka 1924. Huo ni mmea mdogo, mkavu wa THC, lakini una tabia moja iliyowavutia wakulima wa dunia nzima: huchanua ukifikia umri wake, bila kungoja usiku urefuke.

Kwa maana mibangi mingine mingi husoma saa. Usiku ukirefuka, huchanua. Ndiyo maana aina za Ulaya ya kaskazini, zilizozoea siku ndefu za kiangazi, zikiletwa kwenye Ikweta ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huharakisha kuchanua zikiwa bado fupi. Aina zilizokaa vizazi vingi katika nchi za joto hukua kwa subira, huenda juu, na maua yake huchelewa kukomaa.

Je, wajua vinasaba vinasema nini kuhusu vibandiko vya sativa na indica? Mwaka 2021 watafiti wa Kanada na Uholanzi walichunguza sampuli zaidi ya 100 zilizokuwa na jina la sativa au indica. Kwa jumla ya vinasaba, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Kilichofuatana na jina ni terpeni chache tu, yaani kemikali za harufu. Kwa ufupi, watu walikuwa wakinusa, kisha wakabandika jina.

Harufu yenyewe mnaijua. Kariofilini, mojawapo ya terpeni za bangi, imo katika karafuu za Pemba na katika pilipili manga. Mirsini imo katika mchaichai na embe, na imo pia katika hopsi, ua linaloipa bia uchungu wake, ambalo ni la familia moja na bangi. Limonini iko kwenye ganda la limau.

Mgawanyo ninaouamini mimi ni wa mwaka 1973. Ernest Small na H. D. Beckstead, wanasayansi wa Kanada, waliacha umbo la jani wakapima kemikali. Wakapata ua lenye THC nyingi, ua lenye THC pamoja na CBD, kemikali nyingine ya mmea huu, na ua lenye CBD nyingi na THC kidogo sana. CBD haimleweshi mtu. Maua hayo yanaweza kukaa mezani yakiwa na rangi ile ile na harufu ile ile, na jicho lisione tofauti. Maabara tu ndiyo itakayosema.

Small huyo huyo, akiwa na Arthur Cronquist, alipendekeza mwaka 1976 mpaka wa asilimia 0.3 ya THC kati ya hempu na bangi. Walikiri kwamba waliuchagua tu ili uwepo mpaka. Marekani iliuweka katika sheria yake ya kilimo mwaka 2018.

Je, wajua kwamba bangi ya leo siyo ile ya ujana wa baba zetu? Sampuli zilizokamatwa Marekani zilikuwa na wastani wa THC wa asilimia 4 hivi mwaka 1995. Kufikia 2014 wastani ulikuwa karibu asilimia 12. Na mwaka 2019 utafiti uliofanyika katika miji ya Ulaya na Brazili, ukachapishwa katika jarida la Lancet Psychiatry, ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo, wakilinganishwa na wasiotumia. Nawaomba vijana waisome sentensi hiyo mara mbili.

Kete ya Manzese au msokoto wa Nairobi hauna kibandiko chochote. Anayekwambia hii ni ya Arusha, hii ni ya Malawi, amekutajia njia iliyopita, hakukutajia nguvu yake. Tanzania na Kenya zote zinakataza kuilima, kuiuza na kuitumia. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, na Rwanda iliweka kanuni zake mwaka 2021 kwa ajili ya kuuza nje.

Na wazazi wenye watoto wa kifafa, hili ni lenu hasa. Dawa ya Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, ni CBD iliyosafishwa na kupimwa. Ni ya maji, hunywewa kwa kipimo kinachohesabiwa kwa uzito wa mtoto, na daktari hupima ini kabla ya kuianza na baada ya kuianza, kwa kuwa inaweza kuliathiri. Moshi wa ua la mtaani, ambalo kwa kawaida THC ndiyo iliyotawala, hauna kipimo hicho wala kemikali hiyo kwa kiasi hicho.