Mtoto wa kwanza: Kiti cha gari kwanza, kigari baadaye

MNUNUZI wa mchele anajua mchele. Amekwishaupika mara nyingi, na muuzaji akimpa wa zamani kwa bei ya mpya ataugundua kabla hajafungua pochi. Mzazi anayemsubiri mtoto wa kwanza hana uzoefu huo. Anaingia dukani kununua kigari cha kusukuma na kiti cha mtoto cha gari kwa mara ya kwanza maishani, mara nyingi kwa fedha alizochangiwa na ndugu, na kinachomwongoza ni rangi ya kitambaa na maneno ya muuzaji.

Ukurasa huu wa soko wiki hii unaziangalia bidhaa hizo mbili kwa faida ya mlaji wa aina hiyo. Ushauri wetu kwa ufupi ni huu: familia yenye gari, au inayosafiri kwa teksi mara kwa mara, ianze na kiti. Kigari kinaweza kungoja, kinaweza kuazimwa, na kinaweza kununuliwa mtumba. Kiti hakina ruhusa hizo.

Kipi kitangulie

Madukani, kwa mfano Kariakoo jijini Dar es Salaam, kigari ndicho kinachowekwa mbele kwa sababu kinavutia macho. Lakini tuangalie kalenda ya mtoto mwenyewe. Kwa mila za familia zetu nyingi, mzazi na mtoto hukaa ndani siku 40 za kwanza, na mbeleko au kanga hufanya kazi yote ya kubeba. Hata baada ya hapo, kwenye mitaa yenye mchanga na mitaro isiyofunikwa, mbeleko mara nyingi hulishinda gurudumu.

Safari za gari, kwa upande mwingine, huanza siku mtoto anapotoka hospitali. Hufuata safari za kliniki kwa ajili ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa hiyo kiti kinahitajika kabla mtoto hajafikisha umri wa siku mbili, wakati ambapo kigari bado hakina kazi.

Wengi husema mtoto atapakatwa na bibi yake kwenye kiti cha nyuma, na mwendo utakuwa wa taratibu. Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 4 atavutwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 55. Huo unapita mfuko mzima wa saruji. Hakuna bibi, hata awe na upendo wa namna gani, awezaye kuuzuia kwa mikono. Na kumfunga mtoto pamoja naye kwa mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwani uzito wa mtu mzima utamkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Kiti si sare ya shule

Mzazi mwangalifu hununua sare ya shule iliyo kubwa kidogo ili mtoto aikulie. Kwa sare, huo ni uchumi mzuri. Kwa kiti cha gari, ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Viti vinavyopatikana kwa wingi sokoni ni vile vilivyoandikwa kilo 9 hadi 36. Muuzaji atakuambia kwamba kitatumika mpaka mtoto aingie darasa la tano au la sita, nawe utaona umeokoa fedha. Lakini mtoto mchanga huzaliwa na kilo 3 hivi. Kiti hicho hakikutengenezwa kwa ajili yake: mikanda itapita juu ya mabega yake, kichwa kitaangukia kifuani na njia ya hewa inaweza kuziba.

Kiti cha mtoto mchanga ni kile kinachoanzia uzito wa kuzaliwa hadi kilo 13, au hadi kilo 18 kwa vile vinavyogeuzwa. Viti vya kanuni mpya hupimwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, kwa mfano kuanzia 40. Vyote hivyo humweka mtoto mchanga akitazama nyuma ya gari, nusu amelala. Sababu ni kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, nayo shingo bado ni laini. Gari likigonga kwa mbele, anayetazama nyuma husukumwa kwenye mgongo wa kiti, na nguvu ikagawanyika mgongoni, shingoni na kichwani kwa pamoja. Anayetazama mbele, kichwa chake hurushwa na shingo ikabeba mzigo wote.

Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, namba 129, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Anayeweza kumweka hivyo muda mrefu zaidi, ndani ya uzito ulioandikwa kwenye kiti, afanye hivyo. Miguu kukunjwa si tatizo.

Kama mtoto amekwishazaliwa, chukua kadi ya kliniki uende nayo dukani. Uzito ulioandikwa mle ni ushauri bora kuliko wa muuzaji yeyote.

Nenda na gari lako

Kama mtoto hajazaliwa, basi nenda na gari. Kiti kizuri kisichoshika kwenye gari lako ni kiti kibaya kwako. Kabla hujalipa, omba ukifunge, kisha angalia mambo haya:

Mkanda. Viti vingi hufungwa kwa mkanda wa gari wa sehemu tatu, ule unaopita kiunoni na begani. Katika magari mengi ya zamani, nafasi ya katikati nyuma ina mkanda wa kiunoni tu. Tena, kiti cha mtoto mchanga huzungukwa na mkanda, na kwenye baadhi ya magari mkanda haufiki.

Ndoano za chuma. Baadhi ya viti havitumii mkanda, bali hubanwa kwenye vyuma viwili vilivyomo kati ya kiti cha gari na mgongo wake. Mfumo huu huitwa isofiksi. Ingiza vidole upapase. Usipovikuta vyuma hivyo, usinunue kiti kinachotegemea mfumo huo peke yake, hata kikipunguzwa bei.

Kutikisika. Kikishafungwa, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote.

Mfuko wa hewa. Kiti kinachotazama nyuma kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kishindo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nao utapiga mgongo wa kiti mahali kilipo kichwa cha mtoto. Mahali pake ni kiti cha nyuma.

Wanaotumia teksi wachague kiti chepesi kinachofungwa kwa mkanda, kisicho na kitako cha kubaki garini. Aidha, anayesafiri kwa bajaji au daladala pekee asitumie fedha zake kwa kiti ambacho hakina mkanda wa kukishika.

Soma lebo kabla ya bei

Kiti kilichopimwa Ulaya huwa na lebo, kwa kawaida ya rangi ya machungwa, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Juu yake huandikwa R129 kwa kanuni mpya au 44 kwa ya zamani. Kwa kanuni ya 44, namba ya idhini ianze na 03 au 04. Viti vyenye 01 na 02 vilikwishapigwa marufuku kutumika katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2008.

Viti vya Marekani hutaja kiwango namba 213. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la China hubeba alama ya CCC, ambayo imekuwa ya lazima nchini humo tangu 2015.

Mnunuzi ajue pia kwamba kuanzia Septemba 2024 viti vipya vya kanuni ya 44 haviuzwi tena katika Umoja wa Ulaya. Kiti cha namna hiyo hakijawa kibovu kwa sababu hiyo, lakini huna haja ya kukilipia bei ya bidhaa ya kisasa.

Vipo vilevile viti vya kitambaa kitupu na mikanda, visivyo na ganda gumu wala lebo. Hivyo ni mito ya kukalia, hata muuzaji akiviita viti vya gari.

Mtumba: kigari ndiyo, kiti kwa masharti

Kigari cha mtumba unaweza kukikagua kwa macho na mikono ukajua hali yake. Kiti cha gari hakikaguliki hivyo. Kiti kilichowahi kuwa katika ajali kubwa kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki au povu lililobonyea chini ya kitambaa safi kilichofuliwa juzi. Kwa nje utaona kiti kipya.

Kwa sababu hiyo, nunua au pokea kiti kilichotumika kutoka kwa mtu unayemfahamu tu, kama shemeji, jirani au mfanyakazi mwenzako, anayeweza kukuhakikishia kwamba hakijapata ajali. Kigeuze uangalie tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa chini au nyuma. Watengenezaji wengi hukipa kiti maisha ya kati ya miaka 6 na 10, kwani plastiki huchoka, na gari linaloshinda juani Dar es Salaam au Dodoma haliirahisishii kazi hiyo. Kiti kisicho na lebo, kisicho na tarehe, au kilichopungua kipande, kiache, hata kama ni cha bure.

Kigari cha kusukuma

Ukifika wakati wa kigari, jiulize kwanza utakisukuma wapi. Vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli vilianza kwa Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyeomba hakimiliki ya uvumbuzi huo mwaka 1965. Ni vizuri kwa kupanda basi na kwa nyumba ndogo. Hata hivyo, magurudumu yake madogo huzama kwenye mchanga, na mgongo wake mara nyingi haulali. Mtoto ambaye hajaweza kukaa, yaani hadi miezi 6 hivi, anahitaji kigari kinacholala bapa kabisa.

Kwa barabara za vumbi na kokoto tafuta magurudumu makubwa. Kisha jaribu breki kwenye mteremko, angalia kama mikanda ni ya sehemu tano (mabegani, kiunoni na kati ya miguu), na kikunje mwenyewe kwa mkono mmoja. Hakikisha kina kufuli ya kukizuia kisijikunje mtoto akiwamo, na kwamba chandarua kinaenea vizuri.

Tahadhari mbili za matumizi. Kwanza, usitundike mifuko ya sokoni kwenye mpini, kwani kigari hubinuka nyuma. Mizigo ikae kwenye kapu la chini. Pili, usikifunike kwa kanga ili kuzuia jua. Hewa haipiti na joto hupanda haraka. Tumia paa lake au tafuta kivuli.

Bei inavyojengwa

Bidhaa hizi huja kwa meli, na mzigo mwepesi wenye umbo kubwa hutozwa usafiri kwa nafasi unayochukua. Juu yake huja ushuru wa forodha, Kodi ya Ongezeko la Thamani, thamani ya shilingi siku ya kununua na faida ya kila mkono unaopitia. Ndiyo maana kigari kipana chenye mbwembwe kinaweza kuuzwa ghali kuliko kiti kilichopimwa, bila kuwa na thamani zaidi kwa mtoto. Sehemu ya fedha unayolipa ni ya hewa iliyosafiri ndani ya boksi.

Hivyo basi, ndugu zako wakikuuliza wakuchangie nini, waombe wachange kwa pamoja kiti kimoja kinacholingana na gari lako, badala ya vigari viwili na beseni tatu. Omba risiti, tunza kitabu cha maelekezo, na jifunze kukifunga wiki kadhaa kabla ya siku ya kujifungua. Siku ya kutoka hospitali baba huwa na mambo mengi, na si siku ya kusoma lebo kwenye maegesho.

Na kiti kikishanunuliwa, kitumike kila safari, hata ile ya kwenda dukani nyuma ya nyumba. Kwenye safari ndefu, kama ya Dar es Salaam hadi Morogoro, simameni mara kwa mara mumtoe mtoto ajinyooshe, na kamwe asiachwe peke yake ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache.