Programu ya Mazungumzo na Upepo wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitangaza ELIZA, programu ya kompyuta iliyojibu maneno ya mtu kwa maandishi. Programu za namna hiyo leo huongezewa kazi kwa programu-jalizi, yaani sehemu ndogo inayopachikwa bila kuivunja ile kubwa.

Mfano unaweza kutolewa katika mwambao wa Kyela. Mvuvi wa Matema akiuliza kwa simu, "Kesho ziwa litatulia?", programu kubwa peke yake haijui upepo wa kesho. Programu-jalizi ndiyo inayokwenda kuuchukua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kuuleta.

Maandalizi yake ni matatu. Kwanza, mtengenezaji huweka nakala ya programu kubwa katika kompyuta yake, mbali na ile itumiwayo na wananchi. Pili, hutenga vifaa vya kazi hiyo pekee, na ufunguo wa siri huuhifadhi nje ya maandishi ya programu. Tatu, hutunga maswali ya majaribio, likiwamo hili: utabiri ukiwa wa juzi, au mtandao ukikatika, itajibu nini? Jibu sahihi ni kukiri kwamba haina habari. Mawimbi ya Nyasa hupindua mitumbwi, na jibu la kubahatisha laweza kumwangamiza mvuvi.