Toyota ya Kitambo Kama Gari la Kwanza: Panga Pesa Kabla ya Kutuma

Kuna wanaotaka gari jipya kutoka yadi, halafu kuna wewe. Corolla ya miaka ya tisini ikipita, bodi imenyooka na injini inanguruma polepole, unageuza shingo. Mapenzi ni sawa, lakini gari la miaka 30 linahitaji hesabu tofauti.

Kwanza, sahau kuagiza kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo la kitambo utanunua kwa mtu ambaye tayari analo hapa nchini. Hilo lina faida yake. Zile tunazoita "100" na "110", zilizotoka Japani mwaka 1991 na 1995, karibu kila fundi anazijua. Spea zake utapata bila kuhangaika, kuanzia maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, hadi kwa jua kali wa mtaani kwenu. Na injini ya cc 1,500 haitakumaliza kwa mafuta.

Gawa pesa kabla ya kutafuta

Tuseme umeweka akiba ya Sh400,000. Usitafute gari la Sh400,000. Tafuta la Sh300,000, na hiyo laki moja iache kwenye akaunti ya akiba. Hiyo ndiyo italipa bima, kubadilisha jina, tairi, oili, na mkanda wa taiming kama muuzaji hawezi kuonyesha ulibadilishwa lini. Kumbuka pia kampuni nyingi za bima hazikubali kukatia gari kuukuu bima kamili. Utapata ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, lakini haitakulipa gari lako likiibwa.

Rangi inadanganya

Injini inatengenezeka. Kutu ni balaa, hasa kwa gari lililoishi Pwani kwenye hewa ya chumvi. Inua mikeka, angalia chini ya buti, pitisha mkono kwenye fenda. Beba sumaku ndogo ndani ya kitambaa: mahali isiposhika, hapo kuna puti, si chuma.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Likiwaka baridi, angalia ekzosi. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani. Enda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na mlipe kwa siku yake hata kama hutanunua.

Majina matatu yalingane

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Broka atakuambia, "Kuna mteja mwingine anakuja saa nane, tuma dipoziti nikushikie." Usitume. Gari ambalo hujaliona si lako kushikiwa.

Kabla ya shilingi kutoka, fanya utafutaji wa gari hilo kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona mwenye gari ni nani. Kama jina la benki au kampuni ya mikopo limo, kuna deni, na deni hilo liishe kabla hujalipa. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile za logbook.

Kisha angalia majina matatu: la kitambulisho, la logbook, na linalotokea kwenye simu kabla hujakamilisha kutuma. Yakitofautiana, simama. "Tuma kwa namba ya shemeji yangu" si jibu. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Siku ya kulipa

Andikeni mkataba wa mauzo, mweke sahihi mbele ya shahidi. Kiwango cha juu cha kutuma ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku, kwa hivyo Sh300,000 utazituma mara mbili. Hii inaweza kukusaidia: tuma sehemu kubwa mkishatia sahihi, na salio baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA na wewe kuupokea kwenye yako. Kubalianeni hivyo ndani ya mkataba, na nambari za miamala yote miwili ziandikwe humo. Usifute hizo meseji.

Usikubali ile ya "jina tutabadilisha baadaye". Sheria ya Trafiki inatoa siku 14. Kabla jina libadilike, gari bado ni la mwingine kwenye rekodi, hata kama funguo ziko mfukoni mwako.

Ukishamaliza, usifunge ile akaunti ya akiba. Weka kitu kidogo kila wiki, hata Sh500. Gari la kitambo halikosi siku ya kuitisha spea, na siku hiyo utashukuru kwamba pesa ilikuwa inangoja.