Wanafunzi wa Usanifu Majengo Washika Mwiko

Mwanafunzi wa usanifu majengo aweza kuchora ukuta kwa dakika chache asijue una uzito gani. Penseli haichoki. Kwa sababu hiyo, mwaka 1993 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auburn, Samuel Mockbee na D.K. Ruth, waliwatoa wanafunzi wao darasani na kuwapeleka Hale, wilaya maskini ya mashambani katika jimbo la Alabama, Marekani, wakajenge kile walichokichora. Mpango huo, uitwao Rural Studio, ungali unaendelea.

Nyumba yao ya kwanza, ya mwaka 1994, walijengewa wazee wawili waliokuwa wakiishi katika kibanda kibovu. Kuta ni marobota ya nyasi kavu, yaliyopangwa kama matofali na kupigwa lipu. Nyasi hukinga joto na baridi. Lakini zikiingia maji huoza ndani kwa ndani, pasipo mtu kuona. Hapo ndipo kijana anapotambua kwa nini paa litokeze mbele ya ukuta, na kwa nini lipu isiachwe na ufa. Kosa la mtihani humpunguzia alama. Kosa la hapa humlowesha mzee kitandani.

Kando yake walijenga kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi, kwa vipande vya zege lililovunjwa, na chupa zikapachikwa ukutani zipitishe mwanga. Gharama yake, ndugu msomaji, ilikuwa dola 140 tu.

Katika nyumba nyingine, iliyokamilika mwaka 2002, kuta ni vipande 72,000 vya mazulia chakavu, vilivyopandanishwa na kubanwa juu kwa mbao nzito.