Sura ya Tatu: Kutengeneza Udongo wa Matuta

Mtu anayeazimu kupanda mchicha, bilinganya na bamia nyuma ya nyumba yake aghalabu huanza kwa kuulizia mbegu, na hali lililo la kwanza, ambalo taabu yote ya bustani hulitegemea, ni udongo utakaoshika mizizi. Nao hautengenei kwa kutifuliwa asubuhi moja, bali huandaliwa majuma kadhaa kabla ya mvua kuanguka.

Basi na aujue kwanza ule alio nao. Katika kisiwa cha Unguja tafauti ni dhahiri: upande wa magharibi uko udongo mwekundu wenye kina, uitwao kinongo, na upande wa mashariki ni maweni, ambako jembe hugonga mwamba wa matumbawe kabla halijazama shubiri moja. Atwae konzi ya udongo, aulowanishe, aufinyange kiganjani: ukimomonyoka papo hapo ni kichanga, ukiviringika ukawa mwembamba kama ukambaa bila ya kukatika ni mfinyanzi, na ukishikamana, kisha ukapukutika kwa kusukumwa kidogo na kidole gumba, huo ndio unaotakiwa.

Penye maweni tuta huinuliwa kwa kuwa chini hapana kina, na penye mfinyanzi huinuliwa ili maji ya masika yasituame yakainyima mizizi hewa. Kichanga hakitaki hayo. Tuta la kichanga likiinuliwa sana hukauka upesi, na wakati wa kiangazi ni afadhali liwe sawa na ardhi.

Dawa ya udongo wa namna zote tatu ni moja, nayo ni mboji iliyoiva. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu zilizo hai, kwa hiyo sioni udhuru wa kuitia tutani kwa sababu ya haraka. Ipangwe tabaka kwa tabaka pamoja na majani makavu na mabichi, lundo lifike kimo cha mita 1, na unyevu wake uwe kiasi ambacho mtu akikamua konzi yake hutoka tone moja au mawili. Katikati ya lundo lililopangwa vizuri joto hufika nyuzi 60, na mwenye kutaka kujua achome kijiti, akichomoe baada ya dakika chache, akishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kimepoa, lundo ligeuzwe. Mboji iliyoiva huwa nyeusi, hupukutika, na harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa, wala si ya zizi.

Wako wanaomwaga jivu la jikoni kila mahali wakidhani ni rutuba tupu. Jivu hupunguza uchachu wa udongo, na katika milima yenye mvua nyingi, kama Usambara, kidogo chake hufaa. Lakini maweni yamekwisha kujaa chokaa, na kuyaongezea jivu ni kuuzidishia udongo chokaa ile ile uliyokwisha kuwa nayo kupita kiasi.

Upana wa tuta usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, kwani udongo uliokwisha kulainishwa haukanyagwi tena abadan. Udongo wa juu utengwe kando, wa chini utifuliwe kwa uma pasipo kuupandisha, kisha ule wa juu urudishwe ukiwa umechanganywa na debe moja la mboji kwa kila mita 1 ya mraba. Tuta linyweshwe na kuachwa majuma mawili, magugu yaote, yang'olewe yangali machanga.

Kila baada ya mavuno liongezewe mboji, na ilipotoka nyanya pasipandwe bilinganya wala pilipili, maana zote ni za ukoo mmoja, na minyoo ya mizizi huzihujumu sawasawa.