Mbwa Aliyefinyangwa na Shimo

Leo sungura na fisi tuwaache wapumzike. Nina kisa cha kweli, cha mbwa mdogo unayeweza kumbeba kwapani kama kuku, lakini ambaye huingia peke yake kwenye shimo lenye giza kumfuata mnyama mwenye meno na hasira, mahali pasipo hata nafasi ya kugeuka. Mbwa huyo anaitwa teria.

Tuanze na jina, maana limebeba udongo. Warumi wa kale waliiita ardhi terra. Wafaransa wakatoa humo neno lao, terrier, yaani shimo analoishi mnyama, na mbwa anayeingia humo wakamwita mbwa wa shimoni. Waingereza walipoliazima jina hilo, walilidondosha neno "mbwa" wakabaki na "shimo". Kwa hiyo ukimwita teria, ni kama umemwita Shimo, naye anakuja akitikisa mkia.

Kwa nini mtu atake mbwa wa shimoni? Jione uko Uingereza miaka 500 iliyopita. Ni asubuhi ya baridi kali, na bandani yamebaki manyoya ya kuku tu: usiku mbweha amepita. Mnawafungulia mbwa wakubwa wenye miguu mirefu. Wanamfukuza bonde kwa bonde, ndimi nje, wamebakiza kidogo tu wamkamate mkia, mara anatumbukia kwenye tundu lake chini ya mizizi ya mti. Mbwa wakubwa wanabaki mlangoni wakibweka. Kichwa kinaingia, mabega yanagoma. Na usiku mwingine unakuja, na kuku wengine wapo.

Mbweha hakuwa peke yake chini ya ardhi. Kulikuwa na beja, mnyama wa ukoo mmoja na nyegere wetu, mwenye makucha ya kuchimba na taya za kutisha. Kingoni mwa mito kulikuwa na fisi-maji, na ghalani panya. Wote walikuwa na kimbilio moja: hatari ikija, shimoni. Watu wakaanza kutunza mbwa wadogo wakali na kuzalisha wale tu waliokubali kuingia. Mwaka 1570 daktari Mwingereza aitwaye John Caius alichapisha kitabu cha Kilatini kuhusu mbwa wa nchi yake, na humo teria yumo tayari, akielezwa kuwa mbwa anayejipenyeza ardhini kumtoa mbweha na beja.

Sasa tumshike tumtazame vizuri. Nyoosha mikono yako, uviviringe viganja viwili kama unashika mtungi, vidole gumba vikutane upande mmoja na vidole vingine upande wa pili. Hivyo ndivyo wawindaji walivyompima teria: walimshika kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Vidole vikikutana, mbwa huyo atapita anapopita mbweha. Visipokutana, atakwama.

Gusa manyoya yake. Teria wengi wana manyoya magumu kama makumbi ya nazi, yasiyopenyeka upesi kwa maji wala miiba. Tazama mkia: mfupi, mnene shinani, umechongoka kama karoti. Huo ni mpini. Mbwa akinasa, mtu alitia mkono shimoni hadi begani, akaukamata mkia na kumvuta nje. Fungua mdomo wake uone meno, makubwa kuliko ungetarajia kwenye kichwa kidogo namna ile. Na zile kelele zake zinazowachosha majirani, nazo zilikuwa kazi. Juu ya ardhi walisimama watu na majembe, wakisikiliza. Sauti ya teria ikitoka chini ya miguu yao, walijua wachimbe wapi.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote haishikiki kwa mkono. Mbwa wa mchunga kondoo hufanya kazi akimtazama bwana wake: mluzi ukilia anakata kushoto, ukilia tena analala chini. Je, teria akishazama shimoni, nani atampigia mluzi? Hamwoni mtu, wala mtu hamwoni. Mbele yake macho mawili yanang'aa. Asonge au asubiri? Abweke au aume? Lazima aamue mwenyewe, tena upesi. Aliyesubiri kuambiwa hakufaa, wala hakuzalishwa. Kizazi baada ya kizazi, wakabaki wenye kuamua. Ndiyo maana hata leo teria anayelala kwenye kochi mjini, ukimwambia "njoo", kwanza anakutazama na kulipima neno lako. Watu humwita mkaidi. Mimi naona ni mbwa ambaye giza lilimfundisha kujitegemea.

Na kama shimo ndilo lililomfinyanga mbwa, basi mashimo yakitofautiana, mbwa nao watatofautiana. Uskoti ni nchi ya mawe, na kule wanyama walijificha kwenye nyufa za miamba. Mbwa wa kule wakawa na miguu mifupi na mwili mrefu kidogo. Mmoja wao anaitwa Cairn, neno la Kiskoti la rundo la mawe. Kusini zaidi, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, wawindaji walipanda farasi, na mbwa alitakiwa kukimbia nyuma ya farasi siku nzima kisha bado aweze kuingia shimoni. Teria wa Border akapata miguu mirefu kidogo, kiwiliwili chembamba, na kichwa kama cha fisi-maji.

Uskoti huohuo, huko Poltalloch, aliishi Kanali Edward Malcolm. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa mawindoni na mbwa wake wa rangi nyekundu ya kahawia. Vichaka vikatikisika, kitu chekundu kikachomoza, naye akafyatua risasi akidhani ni mbweha. Kumbe alikuwa mbwa wake kipenzi. Tangu hapo akaazimia kufuga weupe tu, ili mtu yeyote amtambue mbwa hata akiwa mbali. Wazao wa mbwa hao leo huitwa West Highland White, mbwa mweupe kama pamba, wa kupendeza kwenye picha za kalenda. Wengi wanaozitazama hawajui kwamba nyuma ya weupe huo kuna mtu aliyelia kichakani.

Mbwa mwingine mweupe ana kisa cha furaha. Mwaka 1819 kijana aitwaye John Russell, au Jack kwa kifupi, alikuwa mwanafunzi huko Oxford, na inaonekana akili yake ilikuwa porini zaidi kuliko vitabuni. Siku moja alikutana na muuza maziwa aliyefuatana na mbwa jike mdogo, mweupe, mwenye baka la kahawia juu ya kila jicho na sikio, na doa moja dogo mahali mkia unapoanzia, lenye ukubwa wa sarafu ya peni. Russell hakuondoka pale mpaka amemnunua. Jina la jike huyo lilikuwa Trump. Baadaye kijana huyo akawa kasisi katika jimbo la Devon, kazi ya mbwa hakuiacha, na kutoka kwa Trump ukaanza ukoo unaojulikana dunia nzima kwa jina la bwana wake: Jack Russell. Maprofesa wa Oxford wa mwaka ule wengi wamesahaulika. Jike wa muuza maziwa anakumbukwa hadi lile doa la mkiani.

Viwanda vilipokuja, teria alifuata watu mjini. Karne ya 19 wafumaji Waskoti walihamia Yorkshire kutafuta kazi kwenye viwanda vya nguo, wakaja na mbwa wao wadogo, na panya wa viwandani wakapata adui. Kutoka kwao akatokea teria wa Yorkshire, mwenye nywele ndefu laini kama hariri, kana kwamba wafumaji wamemfuma wenyewe. Jina kubwa katika ukoo huo ni Huddersfield Ben, dume aliyezaliwa mwaka 1865 na kuishi miaka sita tu, lakini aliyeacha watoto wengi. Wachimba makaa ya mawe wa Northumberland walikuwa na Bedlington, ambaye ukimwona utaapa ni mwanakondoo, mpaka aone panya. Katika bonde la mto Aire watu walichanganya damu ya teria na ya mbwa wakubwa wa kuwinda fisi-maji, akatoka Airedale, mrefu sana asiyeweza kuingia shimoni hata kidogo! Kazi nyingine ikamwita: katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipeleka barua kati ya mahandaki, risasi zikipita juu ya mgongo wake.

Wako wengine wengi, siwezi kuwamaliza leo. Norwich na Norfolk, kwa mfano, ni kama pacha. Masikio yakisimama ni Norwich, yakiinama ni Norfolk, na hadi mwaka 1964 Waingereza waliwahesabu kuwa mbari moja. Yule anayeitwa teria wa Tibet si teria kabisa. Wazungu walimbandika jina hilo, lakini kwao Tibet hakuwahi kutumwa shimoni.

Wajukuu zangu, kuna sehemu ya kisa hiki nisiyoipenda, na sitawaficha. Jijini London watu walijenga vibanda vyenye uzio, wakamwaga panya humo, wakamtumbukiza teria, na kuwekeana fedha kama kamari. Mwaka 1823 mbwa mmoja aitwaye Billy aliua panya 100 kwa dakika tano na nusu, na watu wakashangilia. Panya ghalani ni mwizi, kumwinda naelewa. Lakini kuua kwa ajili ya kushangiliwa ni aibu ya watu, si ya mbwa. Na shimoni kwenyewe, mbweha na teria waliumizana vibaya mno. Sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku uwindaji wa mbweha kwa mbwa katika England na Wales.

Teria mmoja amewahi kufika hadi kwenye muziki wetu. Huko Bristol alizaliwa mwaka 1884 mbwa mweupe mwenye damu ya teria, akaitwa Nipper kwa sababu aliwang'ata wageni miguuni. Baada ya kufa kwake, mchoraji Francis Barraud alimchora akiwa ameinamisha kichwa, akisikiliza sauti inayotoka kwenye tarumbeta ya gramafoni. Kampuni ya santuri ikainunua picha hiyo ikawa nembo yake, His Master's Voice, yaani sauti ya bwana wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi taarab kwa kampuni hiyohiyo. Santuri ziliporudi Unguja na kuanza kuzunguka, katikati yake alizunguka teria yule, sikio limeelekea kwenye sauti ya Siti.

Nimewawekea kisa cha mwisho, cha Smoky. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari Mmarekani alimkuta teria jike wa Yorkshire kwenye msitu wa New Guinea. Alimkuta wapi? Ndani ya handaki lililoachwa, yaani shimoni. Hakuna aliyejua amefikaje. Alikuwa na uzito usiofika kilo mbili. Askari mwingine, Bill Wynne, akamnunua kwa pauni mbili za Australia, akawa anakula naye na kulala naye hemani.

Januari 1945 walikuwa Luzon, Ufilipino, kwenye uwanja wa ndege wa kivita. Nyaya za simu zilitakiwa kupita chini ya njia ya ndege. Kuchimba kungechukua siku tatu, na muda wote huo ndege zingekaa wazi kwa mabomu ya adui. Chini ya njia hiyo kulikuwa na bomba lenye urefu wa mita 21 na upana wa sentimita 20 tu, na mchanga ulikuwa umevuja kwenye maungio ukajaza sehemu yake. Mtu hapiti. Mbwa wa kawaida hapiti.

Wynne alimfunga Smoky uzi wa kuvutia nyaya kwenye mkanda wa shingoni, akakimbilia upande wa pili, akainama kwenye mdomo wa bomba na kumwita. Smoky akaingia hatua chache, akageuka kutaka kutoka. Wynne akaita tena. Halafu kukawa kimya, uzi tu ukitambaa taratibu mchangani, ukisimama, ukitambaa tena. Wynne alichungulia gizani, akaona macho mawili madogo yakija, na uzi nyuma yake.