Kupiga Chapa Si Kuchapisha: Tawasifu ya Safari na Mwandishi Anayejichapishia

Fungua kitabu chochote kilicho karibu nawe, upite jalada na ukurasa wa anwani, usome ukurasa ule wenye maandishi madogo ambao wanafunzi wetu huuruka. Aghalabu utakuta mistari miwili inayofanana sana: "Kimechapishwa na" na "Kimepigwa chapa na". Mstari wa kwanza humtaja aliyeamua kwamba mswada unastahili kuwa kitabu, akaugharimia na kuubebea dhamana. Wa pili humtaja mwenye mitambo. Katika mazungumzo ya kila siku husema "nimechapisha" kwa mambo yote mawili, na hapo ndipo waandishi wengi wa huku kwetu ufuoni mwa ziwa hupotelea njia.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi tawasifu ya safari inavyogeuka kuwa kitabu cha jalada laini mikononi mwa mwandishi anayejichapishia, na kwa nini mhakiki hana budi kuzijua hatua hizo kabla ya kutoa hukumu. Nasema "tawasifu ya safari" kwa kukusudia. Neno "kumbukumbu" lingefaa zaidi, lakini darasani limekwisha kutwaliwa na mikutano: mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike kumbukumbu, naye atakuletea waliohudhuria, waliotuma udhuru na yatokanayo.

Mfano wa kuanzia tunao Kisumu kwenyewe. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kufariki mwaka wa 2015, alijulikana kwanza kwa vitabu vya Kiingereza vilivyotoka Nairobi. The Promised Land, riwaya yake kuhusu mume na mke wanaohama Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika, ilitolewa na East African Publishing House mwaka wa 1966. Alipoandika kwa Kijaluo, vitabu kama Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul, vyote vya mwaka wa 1981, vilitoka Kisumu kwa jina la Anyange Press. Jina hilo hilo ndilo lililo kwenye tawasifu yake, Days of My Life, ya mwaka wa 2012. Mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot (1929–2025), naye alilitumia kwa tawasifu yake, My Footprints on the Sands of Time, ya mwaka wa 2003.

Tawasifu hizi si vitabu vya safari kwa maana finyu. Hata hivyo, maisha yanayosimuliwa humo ni ya watu waliosafiri: Grace alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha Uingereza, akafanya kazi BBC mjini London kabla ya kurudi kuhudumu Maseno, Bethwell alipitia Maseno na Makerere, akavuka hadi chuo cha St Andrews huko Scotland. Wapo wanaodhani kujichapishia ni kimbilio la waliokataliwa na wachapishaji. Wawili hawa walikuwa na majina makubwa na vitabu vilivyotolewa na makampuni mengine. Walichokuwa nacho zaidi ni jina la mchapishaji la kwao, lililodumu zaidi ya miaka 30 na kubeba vitabu kadhaa. Mwenye kitabu kimoja aliyekimbilia kwa mpiga chapa wiki moja kabla ya hafla ya uzinduzi hayuko katika kundi hilo.

Ukitazama nyuma utaona uzito wa jambo hili katika Kiswahili. Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka wa 1896, na simulizi hiyo ikatoka Ujerumani mwaka wa 1901 katika mkusanyiko Safari za Wasuaheli uliohaririwa na Carl Velten. Martin Kayamba alikwenda Uingereza mwaka wa 1931, na kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza kikatolewa na Sheldon Press, London, mwaka wa 1932. Waliosafiri na kusimulia ni Waafrika. Kalamu ya kukata na kuruhusu ilikuwa ya mwingine. Anayejichapishia leo Kisumu, Homa Bay au Siaya amepewa kalamu hiyo. Swali ni kama ataitumia, kwa maana wengi huitupa.

Mchapishaji mwema hukata kitu gani? Chukua safari ndogo tu: feri ya kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Mwandishi anayeanza ataandika kwamba aliamka saa kumi na moja, akapanda matatu, akafika gatini, akalipa nauli, akaona gugumaji, akavuka, akafika. Kila sentensi ni kweli, na hakuna hata moja inayomfunga msomaji. Mhariri atamuuliza: ulikuwa unakwenda kwa nani? Ulimwacha nani nyuma? Kwa nini safari hii na si ile ya mwezi uliotangulia? Huenda ikabainika kwamba alikuwa akipeleka habari za msiba, na kwamba kwa muda wote wa kuvuka alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia shangazi yake. Hapo ndipo kuna kitabu. Nauli na matatu vitapunguzwa hadi mstari mmoja, na gugumaji litabaki ikiwa tu macho ya mwenye msiba yalilitazama.

Jambo hili humhusu mtahiniwa moja kwa moja. Tawasifu ni mojawapo ya insha anazoweza kuandika katika karatasi ya kwanza, na kosa kubwa nililokutana nalo katika kusahihisha ni hilo hilo la ratiba: "nilizaliwa, nikajiunga, nikahitimu". Nafsi ya kwanza haitoshi kuifanya simulizi kuwa tawasifu. Pana nafsi mbili ndani yake, ile iliyosafiri na ile inayoandika sasa, na umbali kati yao ndio unaozaa fikra.

Mhariri pia huuliza kuhusu lugha. Ndani ya feri hiyo watu huzungumza Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza kwa pumzi moja. Je, mwandishi wa Kiswahili atafanyaje? Wengi huweka neno la Kijaluo kisha tafsiri kwenye mabano, tena na tena, hadi ukurasa unafanana na kamusi. Mimi naona afadhali maneno machache yaachwe yajieleze kwa muktadha. Mama muuza samaki akisema "omena" akielekeza kidole kwenye karai, hakuna msomaji wa Kenya atakayehitaji mabano.

La tatu ni watu. Tawasifu ya safari imejaa watu halisi ambao hawakuomba kuandikwa: dereva aliyelewa, mwenyeji aliyekunyima chakula, mwalimu mkuu aliyekula karo. Mswada ukiwa kwa mchapishaji mkubwa, mtu hulipwa kuusoma akitafuta penye hatari ya kesi ya kashfa. Ukijichapishia, kesi hiyo itakuja mlangoni mwako. Badilisha jina na dalili zote zinazomtambulisha mtu, au upate idhini yake. Kubadilisha jina pekee hakusaidii ikiwa kijiji kizima kinamjua chifu mwenye mguu mmoja.

Sasa tuje kwenye kitabu kama kitu cha kushikwa mkononi. Mitambo mikubwa ya chapa haipigi ukurasa mmoja mmoja. Hupiga karatasi pana inayokunjwa, na mara nyingi kila mkunjo hutoa kurasa 16. Mswada wenye kurasa 163 utakupa kitabu cha kurasa 176 chenye kurasa 13 tupu mwishoni, au utalazimika kupunguza kurasa tatu ufikie 160. Mwandishi anayejua hesabu hii mapema hupata kisingizio kizuri cha kukata sura inayosuasua. Kitabu chembamba, kama cha kurasa 48, hushonwa kwa pini katikati. Kinene huunganishwa kwa gundi mgongoni, nacho ndicho kinachoweza kuandikwa jina ubavuni lionekane rafuni. Gundi ikiwa duni, kurasa huanza kudondoka mara kinapofunguliwa kwa nguvu. Nimewahi kukabidhiwa na mwandishi mstaafu kitabu chake kipya, na kabla hatujamaliza chai sura ya nne ilikuwa mapajani mwangu. Alikuwa amelipa fedha zote bila kuomba nakala moja ya kujaribia. Omba nakala hiyo, uikunje na kuikunjua, kisha usome prufu pamoja na mtu mwingine, kwani jicho lililoandika kosa halilioni.

Kuhusu usajili nitasema machache. Nambari ya ISBN hutolewa nchini na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, nayo humtambulisha mchapishaji. Mpiga chapa akikupa nambari yake "kukusaidia", rekodi zitamtaja yeye kuwa ndiye mchapishaji wa safari zako. Ukitoa jalada laini na jalada gumu, kila moja huhitaji nambari yake. Sheria ya Vitabu na Magazeti nayo humtaka mchapishaji kuwasilisha nakala kwa Msajili.

Fedha ndizo hutia wengi majonzi, basi tufanye hesabu ya kubuni tu. Tuseme uhariri, upangaji wa kurasa na jalada vimekugharimu shilingi 60,000, na kupiga chapa nakala 500 ni shilingi 150 kila moja. Jumla ni 135,000. Ukiuza kwa shilingi 500 na duka la vitabu likachukua asilimia 35, unabaki na 325. Itakubidi uuze nakala 416 ndipo urudishe mtaji, na bado hujahesabu zile ulizowagawia jamaa. Ukipunguza idadi hadi nakala 200 na bei ya chapa ikapanda kuwa 220, kila nakala itakuwa imekugharimu 520, yaani zaidi ya bei yake dukani. Ndiyo sababu chapa kwa agizo, ambapo kitabu hutengenezwa mteja anapokihitaji, imewavutia wengi. Tawasifu ya Bethwell Ogot nayo ilipatikana kwa njia hiyo kupitia Trafford ya Kanada. Kwa njia hiyo nakala moja ni ghali zaidi, lakini hakuna maboksi chini ya kitanda.

Maboksi hayo ndiyo chanzo cha jambo ninalolisema kwa uchungu. Mwalimu mwenye nakala 400 nyumbani ana soko rahisi kuliko yote: wanafunzi wake. Anaweza kukitaja kitabu chake katika orodha ya mahitaji, na mzazi anayeuza mboga sokoni Kibuye akatoa shilingi 500 akidhani ni kitabu cha mtihani, ilhali vitabu teule hupitia mkondo wake rasmi. Hakuna mhariri wala mchapishaji wa kumzuia, kwa kuwa yeye ndiye wote wawili. Maktaba ya shule ikinunua nakala mbili, baada ya mwalimu mwingine kukisoma na kukipitisha, hiyo ni haki. Zaidi ya hapo ni kutoza karo ya pili.

Mhakiki anayekutana na kitabu cha namna hii asikionee huruma wala kukidharau. Makosa ya tahajia ayataje, kisha aulize yaliyo mazito: nani alimsomea mwandishi huyu kabla yetu? Ni wapi simulizi imerefuka kwa kuwa hakukuwa na wa kusema basi? Ni wapi, kwa upande mwingine, imesema jambo ambalo mchapishaji wa mbali angelifuta kwa kutolielewa, kama vile mzaha wa wavuvi wa Usenge au jina la upepo wa usiku? Hili la mwisho wahakiki wetu hulisahau, na ndilo faida halisi ya kitabu kuchapishwa karibu na mahali kilipotoka.

Darasani jaribu zoezi hili. Mwombe kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa safari aliyoifanya kweli, hata ikiwa ni ya kutoka Kondele hadi shuleni. Kusanya, ugawe upya ili kila mmoja apate wa mwenzake, na umpe kalamu nyekundu afute theluthi moja ya maneno. Kisha kila mwandishi arudishiwe ukurasa wake na aeleze mbele ya darasa ni lipi kati ya yaliyofutwa angelipigania libaki, na kwa nini.